Mzee Suzuki: Seremala aliyeingia kwenye pikipiki akiwa na miaka 65

Kuna majina tunayoyasoma kila siku hadi tunasahau kwamba yaliwahi kuwa ya mtu. Suzuki ni mojawapo. Liko kwenye tangi la pikipiki, liko nyuma ya vile vigari vidogo vinavyopita kwenye mchanga wa Watamu bila wasiwasi, na liko kwenye injini za boti. Uliza pale stejini Malindi Suzuki ni nini, utaambiwa ni kampuni ya Wajapani, basi. Lakini kabla ya kampuni kulikuwa na binadamu. Aliitwa Michio Suzuki. Alikuwa mtoto wa mkulima wa pamba, alisomea useremala, na kwa zaidi ya miaka 40 kazi yake ilikuwa kuunda mitambo ya kufuma nguo. Chombo chake cha kwanza cha magurudumu mawili kilitoka akiwa na miaka 65, umri ambao huku kwetu mtu ashastaafu, yuko barazani anacheza bao.

Nimeona tumzungumzie leo kwa sababu zile tustroki za zamani zimeanza kutolewa stoo. Ukipita gereji za kando ya barabara kutoka Mtwapa hadi Mambrui, mara moja moja utaona Suzuki A100 au TF125 imewekwa juu ya tofali, tangi limetolewa, na kijana ameinama anasugua kutu. Zingine zilikuwa za afisa wa kilimo, zingine za babu wa mtu. Watu wanazifufua. Swali ni je, kwa nini chombo cha miaka 40 au 50 bado kinafufuka, wakati simu uliyonunua juzi imeshakufa? Jibu, kwa sehemu kubwa, liko kwenye maisha ya huyu mzee.

Pamba na useremala

Michio alizaliwa Februari 18, 1887, katika kijiji kidogo karibu na mji wa Hamamatsu, pwani ya Japani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa pamba, na yeye akiwa mdogo alikuwa shambani akichuma na wenzake. Watu wa Malindi na Magarini mtalielewa hili upesi. Pamba ililimwa huku pia, na Malindi ilikuwa na kinu cha kuichambua. Mtoto wa shamba la pamba anajua kitu kimoja mapema: anayelima hapati sana, anayefuma anapata kidogo zaidi, na anayemuuzia mfumaji mtambo ndiye anayelala usingizi.

Mwaka 1901, akiwa na miaka 14, aliacha mambo ya shamba akaingia kwa seremala kama mwanagenzi. Mkataba ulikuwa wa miaka 7. Saba! Leo ukimwambia kijana akae kwa fundi miezi 7 kabla ya kushika spana peke yake, atakuambia unamtumia vibaya.

Halafu mambo yakageuka katikati ya mafunzo. Mwaka 1904 Japani iliingia vitani na Urusi. Kazi za kujenga nyumba zikakauka. Bosi wake, badala ya kukaa kungojea vita viishe, akageukia kutengeneza mitambo ya kufuma inayoendeshwa kwa kukanyaga kwa miguu, ambayo wakati huo ilikuwa ya mbao kwa sehemu kubwa. Kijana aliyekuja kujifunza milango na paa akajikuta anajifunza gia, kamba na mwendo wa mashine. Hakulichagua somo hilo. Lilimkuta tu, naye akalishika kwa mikono miwili.

Mimi mwenyewe niliondoka chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo stori za watu waliojifunza kwa mikono zinanigusa. Lakini tusidanganyane. Suzuki hakukwepa masomo. Alisoma miaka 7 mfululizo, isipokuwa darasa lake lilikuwa na vumbi la mbao.

Mtambo wa mama

Alimaliza mkataba mwaka 1908. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 22, alifungua karakana yake Hamamatsu ndani ya nyumba ya zamani ambamo familia ilikuwa ikifugia viwavi wa hariri. Inasimuliwa kwamba mtambo wa kwanza alimtengenezea mama yake. Mama alikuwa akifuma kwa njia ya zamani, polepole, na kijana akamletea mashine ya kukanyaga iliyofanya kazi ile kwa haraka zaidi. Majirani wakaona, wakataka. Biashara ikaanza hivyo, kwa mdomo wa watu, kama vile fundi mzuri wa Kilifi anavyopata wateja bila kubandika bango.

Hamamatsu nayo haukuwa mji wa kawaida. Mwaka uleule aliozaliwa Michio, bwana mmoja aliyeitwa Torakusu Yamaha aliitwa katika shule moja ya mji huo kutengeneza kinanda kilichoharibika. Alipokitengeneza akajua namna ya kukiunda, na kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya Yamaha. Eneo hilohilo ndiko alikotokea Sakichi Toyoda, aliyeunda mitambo ya kufuma, na kampuni yake ndiyo iliyozaa magari ya Toyota. Soichiro Honda naye alizaliwa jirani na hapo mwaka 1906. Majina manne yanayojaza barabara zetu za Pwani yalitoka sehemu moja, na yote yalianza na mtu anayefungua kitu kuona ndani kuna nini.

Suzuki aliendelea kuboresha mitambo yake. Alifikiria jinsi ya kufuma mistari na miraba ya rangi bila mfumaji kusimama kila mara. Katika maisha yake alipata hati za uvumbuzi zaidi ya 120. Mwaka 1920 karakana ikawa kampuni rasmi. Kufikia mwaka 1930 alikuwa na mtambo maalum wa kufuma saruni, ile nguo ya miraba wanaume wanajifunga kiunoni, na akawa anauuza Asia ya Kusini Mashariki. Mpwani hahitaji kufafanuliwa saruni ni nini. Iko kwenye kamba ya kuanika sasa hivi.

Tatizo la kuunda kitu kisichoharibika

Hapa ndipo palipo na kiini cha stori. Mitambo ya Suzuki ilikuwa mizuri kupita kiasi. Haikuharibika. Mfumaji akinunua mmoja, anautumia miaka na miaka, na ukichoka anaufungua, anabadilisha kipande, unaendelea. Kwa mnunuzi hiyo ni baraka. Kwa muuzaji ni maumivu ya kichwa, kwa sababu kila aliyenunua harudi tena. Suzuki aliliona hili mapema. Soko lingejaa, na kampuni yenye bidhaa moja ingekaa bila kazi.

Kampuni nyingi za leo zimepata suluhisho rahisi: unda kitu kitakachokufa baada ya miaka 2, kisha gundi kifuniko ili fundi asiweze kukifungua. Suzuki alichukua njia nyingine. Aliacha mitambo iendelee kudumu, akaenda kutafuta bidhaa ya pili.

Bidhaa aliyoifikiria ilikuwa gari. Kuanzia mwaka 1937 alinunua gari dogo la Kiingereza, Austin Seven, akalifungua lote na vijana wake na kulichunguza. Ndani ya miaka michache walikuwa wameunda magari kadhaa ya majaribio yenye injini ya silinda 4. Kisha vita vikaingia tena. Serikali ya Japani ikaamua gari la abiria si kitu cha lazima, na viwanda vikaelekezwa kwenye zana za kivita. Kiwanda cha Suzuki nacho kilifanya kazi hiyo. Hilo tuliseme wazi, kwa sababu maisha ya watu wakubwa yakisimuliwa huwa yanaoshwa sana. Tetemeko la mwaka 1944 lilitikisa eneo hilo, na mabomu yaliuchoma mji wa Hamamatsu. Vita vilipoisha mwaka 1945, mzee alikuwa na miaka 58 na kiwanda kilichochakaa.

Kuanguka mara ya pili

Baada ya vita kampuni ilitengeneza chochote kilichoweza kuuzwa, kuanzia vifaa vya kilimo hadi hita. Pamba ilipoanza kuingia tena kutoka Marekani, ikarudi kwenye mitambo ya kufuma na mambo yakaonekana kunyooka. Lakini mwaka 1950 kukatokea mgogoro mkubwa kati ya wafanyakazi na usimamizi, na mwaka 1951 soko la pamba likaporomoka. Watu wa Kilifi mnakumbuka kilichotokea kiwanda cha korosho kilipoanguka. Si mashine tu zinazonyamaza. Duka la jirani linanyamaza, karo ya shule inanyamaza, na mji mzima unaanza kuongea kwa sauti ya chini.

Suzuki angeweza kufunga. Alikuwa na miaka 64 na ameshaona vita vitatu vikubwa na kuanguka kwa biashara mara mbili. Wazo lililomwokoa halikutoka kwake. Lilitoka kwa mkwe wake.

Ni vizuri kueleza kidogo. Japani, familia yenye biashara ilikuwa na desturi ya kumchukua mume wa binti, akabadilisha jina na kuwa mtoto wa nyumba ile na kuirithi kazi. Shunzo Suzuki aliingia hivyo. Na Shunzo alipenda sana kuvua samaki. Alikuwa akienda kwa baiskeli hadi sehemu yake ya kuvulia, na kurudi na mzigo dhidi ya upepo kulimchosha. Akawaza: kwa nini nisitie injini ndogo kwenye hii baiskeli?

Mvuvi yeyote wa Mayungu au Ngomeni ambaye ameshawahi kupeleka samaki sokoni kwa baiskeli, jua likiwa utosini, anajua vile wazo hilo linavyozaliwa.

Injini ya cc 36

Wazo lenyewe halikuwa jipya. Honda alikuwa ameshafunga injini za mabaki ya jeshi kwenye baiskeli tangu mwaka 1946. Suzuki alichelewa. Lakini kuchelewa kulimpa nafasi ya kufikiria vizuri, na Juni 1952 ikatoka injini ya kufungwa kwenye baiskeli iliyoitwa Power Free. Ilikuwa ya cc 36, nguvu yake farasi 1 hivi. Linganisha na Boxer ya boda yenye cc 100 au 150 uone jinsi ilivyokuwa ndogo. Mwaka huohuo, kwetu Kenya, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari.

Ujanja wa Power Free ulikuwa kwenye gia zake. Ungeweza kukanyaga pedali huku injini inakusaidia, ungeweza kuiacha injini ifanye kazi peke yake, na ungeweza kuitenga kabisa ukaendesha baiskeli ya kawaida. Mafuta yakikuishia katikati ya njia hukwami. Huo ni ubongo wa mtu aliyetengeneza mitambo ya miguu miaka 40 na anajua kwamba mguu wa binadamu ni injini ya akiba. Serikali ya Japani ilivutiwa hadi ikaipa kampuni ruzuku ya kuendeleza utafiti.

Mwaka 1953 ikafuata Diamond Free ya cc 60, ambayo ilishinda mashindano ya kupanda mlima Fuji katika kundi lake. Oda zikamiminika, na kiwanda kikafika kutengeneza takriban 6,000 kwa mwezi. Juni 1954 kampuni ikabadilisha jina kuwa Suzuki Motor. Mwaka 1955 ndoto ya mwaka 1937 ikatimia: gari dogo la Suzulight, nalo likiwa na injini ya tustroki, cc 360. Mzee alikuwa na miaka 68 alipoliona likitoka kiwandani.

Mwaka 1957 alimwachia Shunzo usukani. Wengi wa rika lake walioanzisha kampuni hung'ang'ania kiti hadi wabebwe nacho. Yeye alitoka, akaishi miaka mingine 25.

Tustroki ni nini hasa?

Kwa wale ambao wamezaliwa kwenye enzi ya boda za Kihindi na Kichina, tueleze kidogo. Boda nyingi za leo ni fostroki: pistoni inapanda na kushuka mara mbili, yaani mapigo manne, ndipo moto uwake mara moja. Ndani kuna valvu, kemshafti na cheni yake. Tustroki inawaka kila pistoni inapofika juu. Haina valvu za aina hiyo. Pistoni yenyewe ikipanda na kushuka inafungua na kufunga matundu yaliyo kwenye ukuta wa silinda. Vipande vikuu vinavyotembea ni vitatu tu: pistoni, konrodi na krenki.

Ndiyo maana ilimfaa Suzuki. Ni rahisi kuiunda, ni nyepesi, na fundi mwenye spana chache anaweza kuifungua chini ya mwembe na kuifunga kabla ya adhuhuri. Kampuni ilishikamana nayo kwa muda mrefu. Hadi ilipotoa familia ya GS mwaka 1976, karibu pikipiki zote za Suzuki zilikuwa tustroki.

Kwenye mbio napo ilipata sifa, ingawa kwa njia yenye utata. Mwaka 1961 Ernst Degner, mwendeshaji wa kampuni ya MZ ya Ujerumani Mashariki, alitoroka kwao baada ya mashindano ya Sweden, akaingia Suzuki na siri za namna ya kuipa tustroki ndogo nguvu kubwa. Mwaka 1962 Suzuki ikachukua ubingwa wa dunia wa cc 50, Degner akiwa juu yake. Mzee Michio alikuwa ameshastaafu. Ujuzi, kama maji ya Sabaki, haukai mahali pamoja, na si kila mara unapita kwa njia safi.

Upande mbaya pia upo. Tustroki inachoma oili pamoja na petroli. Moshi wake ni mwingi, unywaji wake wa mafuta si mzuri, na sheria za hewa safi ulimwenguni ndizo zilizoiondoa barabarani. Hapa Kenya, serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, fostroki mpya za bei nafuu zilijaa na ile ya zamani ikaingia stoo. Sisemi kila boda arudi kwenye A100. Mji wote ukirudi huko tutakohoa hadi Lamu watusikie. Ninachosema ni kwamba zilizobaki zinastahili kutunzwa na kuendeshwa mara moja moja, kama tunavyotunza nyumba za zamani za mji.

Kumfufua mzee

Sasa kwa wewe uliyeikuta Suzuki ya babu chini ya makuti. Kosa la kwanza watu wanalofanya ni kupiga kiki papo hapo. Usipige. Hewa ya chumvi ya Pwani huingia hadi ndani ya silinda, na ringi zikikaa miaka bila kusogea hushikana na ukuta. Toa plagi, mimina oili kidogo ndani, iache usiku kucha, kisha zungusha polepole kwa mkono. Ikikataa, ngoja tena. Ukilazimisha utavunja ringi, na kipande chake kitachana silinda.

La pili ni oili. A100 za kawaida zina tangi dogo la oili na pampu inayoipeleka ndani yenyewe. Pampu iliyolala miaka 20 usiiamini. Mrija ukiwa na mapovu ya hewa, oili haifiki, na pistoni inashika ndani ya dakika chache. Hadi uhakikishe pampu inafanya kazi, changanya oili ya tustroki kwenye petroli. Mililita 200 kwa lita 5 ni kipimo cha kizamani kinachotosha: sehemu 25 za petroli kwa moja ya oili. Itatoa moshi zaidi. Afadhali moshi kuliko pistoni mpya.

La tatu ndilo linalowachanganya wengi: oilsili za krenki. Kwenye fostroki, oilsili ikivuja unaona oili chini, unapangusa, maisha yanaendelea. Kwenye tustroki, kile chumba cha krenki ndicho kinachovuta na kusukuma mchanganyiko wa petroli na hewa. Oilsili ikikauka upande mmoja, hewa ya ziada inaingia, injini inapata joto kali na pistoni inaweza kutoboka. Ikikauka upande wa klachi, inavuta oili ya gia na kutoa moshi mweupe usioisha. Utabadilisha plagi na kusafisha kabureta mara kumi bila kujua ugonjwa uko wapi. Mpira uliolala miaka mingi umeshakufa. Badilisha zote mbili kabla ya kulalamika.

Halafu kuna masizi. Tundu la kutolea moshi na ekzosi huziba kwa kaboni hadi injini inakosa pumzi. Toa kichwa na ekzosi, kwaruza kwa kijiti cha mbao ngumu, usitumie bisibisi ya chuma kwenye pistoni. Tangi lenye kutu ndani, tia siki na nati ndogo au kipande cha cheni, tikisa, acha, mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, kisha kausha kabisa juani. Silinda ikiwa imekwisha, usiitupe. Inapelekwa kwa mchongaji chuma, inapanuliwa robo milimita au nusu, na kutiwa pistoni ya saizi inayolingana. Ndiyo maana pistoni za tustroki zinauzwa kwa saizi kadhaa. Waliounda walijua mapema kwamba itachakaa, wakaacha chuma cha kutosha ili ifufuliwe zaidi ya mara moja.

Hebu irudie hiyo sentensi ya mwisho akilini. Kuna mtu alikaa kiwandani Hamamatsu, akamfikiria fundi asiyemjua, katika mji asiousikia, miaka mingi mbele, na akamwachia nafasi ya kufanya kazi yake. Ni tabia ileile ya mtambo wa kufuma ambao mnunuzi aliweza kuufungua mwenyewe.

Kinachoisha si chuma

Michio Suzuki alifariki Oktoba 27, 1982, akiwa na miaka 95. Mwezi huohuo kampuni yake ilikuwa imetia saini mkataba na Maruti ya India, ambao baadaye uliwaweka mamilioni ya Wahindi ndani ya magari madogo. Alizaliwa enzi ambayo mama yake alikuwa akifuma kwa mkono, akafa enzi ya kompyuta. Kati ya pande hizo mbili alibadilisha kazi mara nyingi, lakini mbinu ilikuwa ileile: fungua, elewa, unda kitu ambacho mwenzako naye ataweza kukifungua.

Spea za Suzuki za zamani bado unaweza kuzitafuta ukazipata. Ringi zinatengenezwa, oilsili zinalingana na za mashine nyingine, na pistoni zinaagizwa mtandaoni. Kinachoisha Pwani yetu ni watu. Wale mafundi waliokuwa wakitengeneza pikipiki za maafisa kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, enzi ya kusubiri feri pale Mnarani, wamezeeka. Wanajua kusikia mlio wa injini wakakuambia pointi zimekaa vibaya. Hawajaandika popote. Akiondoka mmoja, anaondoka na kila kitu, na hakuna video itakayokuonyesha mkono wake ulivyokuwa ukigeuza skrubu ya kabureta robo mzunguko na kusimama.

Kijana wa Hamamatsu alikaa kwa fundi miaka 7. Sikuambii ukae miaka 7. Lakini kama mtaani kwenu kuna mzee wa namna hiyo, kama ni Maweni, Mtondia au Gede, mpelekee ile pikipiki ya babu Jumamosi hii, mshikie tochi, na uwe na adabu ya kuuliza kabla hajachoka kujibu.